Je, Mfupa Uliokufa Waweza Kuzaa Saratani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina ugonjwa wa selimundu, na miaka kadhaa iliyopita eksirei ilionyesha kwamba sehemu ya mfupa wangu wa paja, karibu na goti, imekufa. Je, yaweza kugeuka saratani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Yaweza, lakini ni nadra mno, na wengi walio na hali kama yako hawapatwi kamwe. Mfupa hufa unapokosa damu: kwako, chembe zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo, kwa wengine chanzo ni dawa za steroidi, ulevi au kazi ya kupiga mbizi. Hudhaniwa kwamba mwili, ukijaribu kwa miaka mingi kukarabati kingo za sehemu iliyokufa, huzalisha seli mpya bila kukoma, na baadhi yake huasi.

Linalonitia hofu ni kwamba mgonjwa wa selimundu amezoea maumivu, hivyo maumivu mapya huhesabiwa kuwa yale yale ya siku zote. Sehemu iliyokufa katikati ya mfupa mrefu kwa kawaida haiumi. Basi ikianza kuuma mfululizo, hasa usiku, au ukaona uvimbe unaokua, usingoje. Omba eksirei mpya ilinganishwe na ile ya zamani, kisha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), na kinyama kikatwe kupimwa maabara kabla ya upasuaji wowote mkubwa. Saratani hii huwahi kufika mapafuni, kwa hiyo mapafu nayo hupigwa picha. Tiba yake ni kuuondoa uvimbe wote kwa upasuaji, mara nyingi pamoja na tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani.