Mtoto wa Pemba Kuoneshwa Karafuu: Nilivyofika Sigiriya

Jumamosi usiku msomaji mmoja alinitumia ujumbe: "Dada, nimeona picha zako juu ya lile jiwe la Sri Lanka. Na mimi nimeshakata tiketi. Nikitua nifanyeje?" Nilianza kumjibu mistari miwili, nikashtukia adhana ya alfajiri. Nikaona bora niyaweke hapa, maana najua mko wengi mnaodunduliza kimyakimya kwa safari hii.

Picha zile hazisemi kwamba siku yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu.

Nilitua Katunayake, kwenye uwanja wa ndege wa karibu na Colombo, saa kumi na moja alfajiri. Kutoka hapo hadi Sigiriya, liliko jiwe lenyewe, ni kama saa nne kwa gari, unapita Kurunegala na Dambulla. Sikuwa nimepanga usafiri. Nilijiambia: mimi niliyewazoea wapiga debe na madalali wa kwetu, nani atanipiga? Bwana mmoja mpole, shati jeupe limenyooshwa, akanipokea sanduku na kutaja bei. Nikapunguza kidogo, nikajiona mjanja. Baadaye mwenye nyumba ya wageni aliniambia nimelipa karibu mara mbili.

Bei ningeisamehe. Njiani tukasimama "kunywa chai" kwenye shamba la viungo. Kijana aliyevaa koti jeupe kama daktari akanishika mkono, akaniwekea karafuu tatu kiganjani, akaniambia ninuse. "Umewahi kuiona hii?" Jamani! Mimi nimezaliwa Wete. Nimechambua karafuu kabla sijajua kusoma, nimelala jirani na majamvi yaliyoanikwa mpaka nguo za shule zikanuka. Nikafundishwa karafuu kwa muda wa saa moja. Kisha likaja duka la vinyago, kisha la vito. Dereva alikuwa anazungukia kamisheni zake, na mimi ndiye mzigo.

Nilifika mguuni mwa jiwe saa saba mchana, jua la utosi. Ngazi ni kama 1,200, na jiwe limesimama karibu mita 200 juu ya bonde. Hapo juu mfalme Kashyapa alijenga kasri lake katika karne ya 5. Masimulizi yao yanasema alimuua baba yake, akakimbilia huko kwa kumwogopa ndugu yake Moggallana, ambaye mwaka 495 alirudi na jeshi kweli. Mtu akimdhulumu baba yake hata jiwe halimfichi, lakini tuache hayo.

Katikati ya mlima kuna wanawake waliochorwa ukutani, na kupiga picha ni marufuku. Chini yao upo ukuta uliosuguliwa hadi ukang'aa, ambao wageni wa zaidi ya miaka elfu iliyopita waliuandikia mashairi ya kuwasifu wanawake hao. Nilitamani nikae pale. Lakini kichwa kilikuwa kinagonga, na chupa ya maji ilikwisha kwenye makucha makubwa ya simba yaliyojengwa penye lango la juu, kabla ya ngazi za mwisho zenyewe. Pale kuna vibao vya kuonya watu wasipige kelele, kwa ajili ya manyigu. Mimi hata pumzi ya kupigia kelele sikuwa nayo.

Nilifika juu. Nilifika! Lakini nilikaa robo saa tu.

Basi nisikilizeni. Ujanja wa nyumbani acheni nyumbani. Kabla hujapanda ndege, mwandikie mwenye nyumba ya wageni akutafutie gari, na bei ikae kwenye maandishi: ni ya gari zima, hakuna kusimama madukani, unalipa ukifika. Bei kwenye maandishi, narudia. Mwenye mfuko mwembamba apande basi hadi Kurunegala, abadilishe kwenda Dambulla, amalizie kwa bajaji. Lala hukohuko, upande asubuhi lango linapofunguliwa. Kiingilio cha mgeni hakipungui dola 30 za Marekani, kwa hiyo usikitupe kwa kupanda mchana kama mimi. Na tusiwe watu wa kuona haya kuuliza. Haya imetugharimu wengi, hasa sisi tunaopenda kuonekana tumesafiri.

Kuhusu karafuu: nilizinunua, kwa dola. Mama alizinusa, akasema za mwaka huu ni nzuri, nimezipata kwa nani? Bado sijamjibu.