Kompyuta ya zamani inajizima ukianza kusakinisha Linux

Ndugu, nimekuelewa: flashi inasomwa, menyu ya Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) inatokea, lakini ukichagua kusakinisha skrini inakuwa nyeusi na mashine inajizima na kujiwasha upya. Usikimbilie kununua diski mpya, maana hata hujaifikia.

Mimi ninashuku kadi ya picha. Kwenye menyu ile bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni mwake, kisha F10. Hapo mfumo unaacha kuigusa kadi mapema mno. Picha itakuwa hafifu kidogo, usijali, draiva sahihi (programu ya kuiendesha kadi) utaiweka baadaye. Kadi ya zamani ya Nvidia ilinipotezea siku mbili kwa jambo hilo tu!

Ikigoma, iache programu ya Memtest86+ ipime RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki. Chomoa vipande vya RAM, ujaribu kimoja kimoja. Prosesa nayo iwe ya biti 64.

Diski ikiwa na mafaili ya zamani, yanakili kwanza. Na mashine ikijizima hata ukiwa ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), tatizo huenda ni joto au pawa saplai. Mpelekee fundi. Pawa saplai usiifungue mwenyewe, hubaki na umeme hata ikishachomolewa.