Anzia Jikoni, Usianzie Sebuleni

Msomaji anayejitolea kuongoza wageni katika nyumba ya makumbusho huko kusini mwa Marekani anauliza: watu wanakuja kuona vyombo vya fedha na mapazia, habari za utumwa aziingize wapi? Ndugu yangu, anza nazo. Sebule itangoja.

Kwanza makaratasi. Nenda mahakama ya kaunti uombe orodha ya mali ya marehemu mwenye nyumba. Humo watumwa wameandikwa majina na bei kwa dola, mara nyingi ukurasa mmoja na nyumbu na vitanda. Kisha chukua orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860. Hizo kwa kawaida hazina majina, zina umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la mmiliki. Ya 1860 inaonyesha pia idadi ya vibanda vyao. Linganisha na sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina kama raia wengine. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanasaka jina la ukoo la bwana, na si wote waliolichukua. Tafuta majina ya kwanza ya familia nzima kwa pamoja, ongeza miaka 10 juu ya umri wa 1860, na usishangae umri ukipishana kidogo. Ulikuwa wa kukisia.

Sasa jikoni. Mara nyingi lilikuwa jengo la peke yake uani, kwa kuogopa moto na joto. Mpishi aliamka kabla ya alfajiri kufukua makaa yaliyolazwa chini ya majivu. Mkate uliiva katika chungu cha chuma cha miguu mitatu: makaa chini, na mengine yamepaliwa juu ya mfuniko. Ya chini yakizidi, mkate unaungua kitako huku juu mbichi. Onyesha hilo kwa moto halisi, na mgeni hatauita tena “upishi wa bibi mwenye nyumba”.

Maji vilevile. Ndoo ya lita 10 ina kilo 10. Mpe mgeni aipandishe ghorofani. Ila pingu na minada ya kuigiza, acha kabisa. Colonial Williamsburg, mji wa makumbusho huko Virginia, waliigiza mnada wa watumwa mwaka 1994, tena kwa waigizaji wazoefu, na maandamano yakazuka.

Wajakazi wa ndani wengi walilala sakafuni chumbani kwa bibi, ukumbini, au darini juu ya jiko. Kama karatasi haimtaji aliyelala hapo, sema “huenda”. Uongo mmoja mtamu ukigundulika, hata ya kweli hayasadikiwi.

Atakuja wa kuuliza kama bwana alikuwa mwema. Usibishane, mpe karatasi za mgao wa mirathi asome: bwana akifa, mama mtumwa alikwenda kwa mrithi huyu, mtoto kwa yule, au wote wakauzwa kulipa madeni. Mpe nakala lakini. Karatasi ya asili ikae kabatini gizani, mwanga hupausha wino.