Simba Hakuja Langoni

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mzaliwa wa Mikindani, Mombasa, ila kazi imeniweka Nairobi, na kwa miaka minne sikufika nyumbani isipokuwa siku mbili za msiba. Mwezi huu wa Agosti nimepata likizo ya wiki tatu, nami niko kwa wazazi. Tuna mbwa wawili tuliowalea tangu wakiwa watoto: Simba, ambaye sasa ana miaka 13, na Popi mwenye miaka 11. Zamani, matatu ikinishusha tu barabarani, Simba alikuwa ameshafika langoni kabla sijabisha. Safari hii nilifungua mwenyewe, nikamkuta amelala chini ya mwembe, wala hakuinua kichwa. Nilipomshika mgongoni alishtuka akanikenulia meno. Macho yake yamefanya ukungu wa buluu, akiinuka miguu ya nyuma huchelewa, na usiku huzunguka uani akihema. Baba asema ni uzee tu, "mzee mwenzangu huyo", na humpa nusu ya tembe anazomeza yeye kwa maumivu ya goti. Kakangu ataka apigwe sindano apumzike. Mimi nawaza kumchukua hadi Nairobi. Je, amenisahau? Na siku zilizonibakia niziishi naye vipi?
— Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza. Zile tembe zikome leo hii. Dawa za maumivu tunazonunua madukani kwa ajili yetu, kama ibuprofen na diclofenac, zaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo, na paracetamol nayo yaweza kumdhuru ini na damu. Mwambie baba taratibu, bila kumlaumu, kwa kuwa alichokifanya amekifanya kwa huruma, na umwombe akuonyeshe pakiti ili daktari wa mifugo aijue dawa yenyewe. Ukiona Simba anatapika, amekataa chakula, au kinyesi chake kimekuwa cheusi kama lami, usingoje hadi kesho.

Sasa la kusahauliwa. Kwa maelezo yako, naona yaelekea zaidi kwamba Simba hakukusikia. Mbwa wa umri huo mara nyingi masikio yamekwisha au yamekaribia kwisha, na aliyelala usingizi kisha akaguswa mgongo na mkono asiouona hukenua meno hata kwa yule anayempa chakula kila siku. Pua ndiyo hudumu zaidi, basi mjie kwa njia ya pua. Usimtokee nyuma. Piga mguu chini hatua chache kutoka alipo, atasikia mtikisiko kwa mwili, kisha keti upande ule unakotoka upepo. Mwezi huu ni kusi inayovuma, kwa hiyo ukikaa kusini mwa mwembe harufu yako itamfikia kabla ya mkono wako. Acha manukato siku hiyo. Uweke mkono chini, kiganja kikiwa wazi, umwache yeye ndiye aje. Akifika atanusa vidole, kiwiko, hata viatu, na huenda akachukua muda mrefu kuliko uvumilivu wako, usimkatize.

Nimesoma mara mbili maneno ya baba kwamba ni uzee tu, na hapo ndipo nisipokubaliana naye. Uzee wenyewe haumwumizi mbwa; kinachomuumiza ni maradhi yanayokuja pamoja nao, na mengi kati ya hayo yana nafuu. Waliomwona Simba kila siku hawakuona alipoanza kuchelewa kuinuka, kwa sababu alichelewa kidogo kidogo. Wewe umeiona miaka minne kwa mara moja, na hiyo ni faida ambayo mwenyeji hana, kwa hiyo itumie. Miguu ya nyuma inayochelewa huwa mara nyingi ni yabisi ya viungo, na daktari ana dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Kuhema na kuzunguka usiku kwaweza kuwa maumivu, moyo, au akili iliyoanza kupotea njia gizani. Ukungu wa buluu machoni ni jambo la kawaida kwa mbwa wazee na wengi huendelea kuona. Kilicho cheupe kama maziwa ndicho huwa mtoto wa jicho. Dondosha kipande cha pamba mbele yake, kwa kuwa pamba haina mlio wala haisukumi upepo, uangalie kama macho yanaifuata.

Akiwa amelala fofofo, hesabu pumzi zake kwa dakika moja, kifua kupanda na kushuka kikihesabiwa mara moja. Zikizidi 30, nawe umehesabu siku kadhaa ukapata vivyo hivyo, mwambie daktari. Mrekodi pia kwa simu anapoinuka asubuhi, maana mbwa wengi wakifika mbele ya daktari hujikaza wakatembea kama vijana. Pwani yetu haikosi kupe, na homa wanazoambukiza humlegeza mbwa hata akadhaniwa amezeeka, kwa hiyo omba na damu ipimwe.

Nyumbani, tandika mkeka au zulia kuukuu mahali penye sakafu ya vigae, na umkate kucha, kwani mbwa anayeteleza huogopa kuinuka. Sima na dagaa waliochemshwa bila chumvi hawana neno, lakini ule mchuzi uliobaki tunaowamwagia, uliojaa vitunguu maji na thomu, huharibu damu yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha. Matembezi yawe mafupi, mara mbili kwa siku, alfajiri na baada ya alasiri, yeye ndiye apange mwendo. Akisimama kunusa kijiti kimoja kwa dakika tano, hayo ndiyo matembezi yenyewe. Hakuna haja ya kumpakia garini hadi Bamburi ili mpate picha ufuoni.

Nairobi usimpeleke. Mbwa aliyepungukiwa na macho na masikio huishi kwa ramani aliyo nayo kichwani: mwembe uko wapi, bakuli liko wapi, Popi hulala upande gani. Safari ya kilomita zipatazo 480 na ngazi za ghorofa zitamnyang'anya yote hayo, na baba naye atabaki bila mzee mwenzake.

Kakako msikilize, kwa kuwa huenda ndiye anayemwinua na kumsafisha wewe ukiwa mbali, na kuchoka kwake si ukatili. Ila ombi lake limekuja kabla ya uchunguzi. Daktari akishamwona na kumpa dawa, mtazame wote kwa pamoja kama anakula kwa hamu, kama anaweza kwenda haja mwenyewe, kama bado anajisogeza walipo watu. Haya yakipotea, na siku mbaya zikawa nyingi kuliko nzuri, hapo shauri la sindano litakuwa na mahali pake, na wazazi ndio wenye kauli.

Popi usimsahau, miaka 11 si michache, naye apimwe siku hiyo hiyo, na wote wawili wapate chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa mwaka umepita.

Usiku wa leo, ukae na baba barazani, umwulize Simba huamka saa ngapi kuzunguka na hunywa maji mara ngapi. Naamini anajua, maana goti linalouma halimwachi mtu alale. Yaandike atakayokwambia, nawe uende nayo kwa daktari.