Mkristo na meditesheni za Mashariki: kagua mlango kabla ya kuingia

Dada aliyeuliza kama Mkristo anaweza kufanya meditesheni zenye asili ya Mashariki amealikwa na ofisi yake huko Upper Hill, Nairobi, kwenye darasa la meditesheni la wiki 8. Mchungaji wake amemwambia huko ni kumfungulia shetani mlango, kwa kuwa akili iliyoachwa tupu ni kama ile nyumba tupu ya Mathayo 12 ambayo pepo huirudia. Rafiki yake Mkatoliki anasema hakuna neno, ni kupumua tu. Kwa maoni yangu wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza ni meditesheni ipi.

Kipimo ninachokiamini kiko 1 Wakorintho 10. Paulo anawaruhusu waumini kula nyama ya sokoni bila kuuliza-uliza, ila mtu akiwaambia kwamba imetolewa sadaka kwa miungu, waiache. Nyama ni ileile. Basi kukaa wima, kupumua taratibu na kuyarudisha mawazo yanayotangatanga ni nyama ya sokoni, kwa maana mwili na pumzi ni vya Mungu aliyeviumba. Unachopaswa kuuliza ni ibada gani inafanyika mlangoni, unaelekezwa kwa nani, na ukikomaa katika zoezi hilo utakuwa umefundishwa nini kuhusu nafsi yako.

Darasa la ofisini la wiki 8 kwa kawaida hufuata programu aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Mazoezi aliyachota katika Ubudha, ibada akaziacha nje. Utalala chali ukipitisha fikira mwilini polepole, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, kwa dakika 45 hivi. Siku nyingine utakaa ukifuata pumzi. Omba ratiba mapema uisome. Kama hakuna kuinamia sanamu, kuimba mantra (neno takatifu la kurudiarudia) wala mafundisho kwamba wewe mwenyewe ndiwe uungu, nenda kwa amani.

Meditesheni ya Maharishi Mahesh Yogi, guru wa Kihindi, iitwayo Transcendental Meditation, ni habari nyingine. Kabla ya kupewa mantra yako, mwalimu hufanya puja, yaani ibada ya Kihindu: wewe unaleta matunda, maua na kitambaa cheupe, naye anaimba kwa Kisanskriti mbele ya picha ya Guru Dev, mwalimu wa Maharishi. Hulazimishwi kutamka lolote, lakini sadaka yako imo mezani. Mwaka 1977 mahakama ya New Jersey, Marekani, ilizuia mafunzo hayo katika shule za umma kwa kuwa ni ya kidini. Hapa jibu langu ni hapana, hata mwalimu akisema ni sayansi tupu.

Kozi ya siku 10 ya Vipassana, meditesheni ya Kibudha kwa njia ya mwalimu Goenka, inavutia vijana wengi wa Nairobi kwa sababu haina ada. Kengele ni saa 10 alfajiri, unakaa ukitafakari kwa jumla ya karibu masaa 10 kila siku, huongei, husomi, simu umeikabidhi. Waandaaji wenyewe wanakueleza wazi kwamba sala, rozari na ibada yoyote ya dini yako vinasimama hadi kozi iishe, na mwanzoni kabisa unatamka kwamba unamkimbilia Buddha, Dhamma (mafundisho yake) na Sangha (jumuiya ya wafuasi wake). Wanakuambia pia ni tamko la sifa za kibinadamu tu. Mimi naona aliyebatizwa ameshatamka anamkimbilia nani. Tena zoezi lenyewe linakusudia uone kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Hilo ni fundisho, nao Wabudha wanalishika kwa dhati; kuligeuza kuwa dawa ya stresi ni kuwakosea heshima.

Je, hakuna Mkristo aliyeingia ndani akatoka salama? Wapo. Mjesuiti Hugo Enomiya-Lassalle, aliyenusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, alifanya Zen, meditesheni ya Kibudha ya Japani, miaka mingi akabaki padri hadi kufa. Lakini alikwenda akiwa na malezi marefu ya sala nyuma yake. Anayeokota Biblia yake Jumapili hadi Jumapili hana akiba hiyo.

Kwa Wakatoliki kuna barua ya Vatikani ya tarehe 15 Oktoba 1989, iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger. Inakubali kwamba mbinu za dini nyingine zinaweza kumsaidia mtu kutulia mbele za Mungu, kisha inaonya jambo ambalo kila dhehebu lingefaa kulisikia: utulivu na joto zuri linalotokana na mkao wa mwili lisichukuliwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu.

Ile hoja ya mchungaji ya nyumba tupu, Mathayo 12, haisimami. Yesu pale anasema juu ya kizazi kibaya, wala hagusii ukimya. Isitoshe, mbinu nyingi hizi haziachi akili tupu. Zinaifunga kwenye pumzi, neno au hisia moja.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunavuka bahari kutafuta kitu kilichomo nyumbani. Yohane Kasiano, karne ya 5, aliwafundisha wamonaki kurudia Zaburi 70:1 mchana kutwa. Waorthodoksi, ambao seminari yao iko hapa Riruta, wana sala ya "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi". John Main, Mbenediktini, alionyeshwa njia ya mantra na mwalimu wa Kihindu huko Malaya, akaja kuikuta kwa Kasiano, akachagua neno "Maranatha", yaani "Bwana wetu, njoo", la 1 Wakorintho 16:22.

Ukitaka kuanza, fanya hivi. Amka kabla matatu hazijaanza kupiga honi. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima, nyayo sakafuni. Kukunja miguu kunabana neva na mguu utakufa ganzi. Weka simu isiyopokea chochote, kengele ya dakika 5. Soma mistari miwili ya Injili. Mwambie Yesu kwa maneno yako kwamba muda huu ni wake. Kisha rudia Ma-ra-na-tha kimoyomoyo, silabi nne za urefu sawa, bila kuharakisha. Wazo likija, la kodi ya nyumba au la bosi, usiligombeze. Rudi kwenye neno. Funga kwa Baba Yetu, polepole. Ongeza dakika kila wiki hadi ufike 20, asubuhi na jioni. Usifanye kitandani, utalala.

Usivute pumzi kwa nguvu na haraka. Kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, vidole na midomo huwasha, kichwa huwa chepesi, na katika makanisa yetu kuna watu wawili tayari: mmoja ataita upako, mwingine ataita pepo. Punguza mwendo tu, itaisha.

Baada ya wiki kadhaa huzuni au hasira ya zamani inaweza kupanda. Usikaze meno, mweleze mtu mzima katika imani. Wajesuiti wa kituo cha Mwangaza wana kazi hiyo ya kuwasindikiza watu katika sala. Aliyewahi kuugua akili au kupitia ukatili mkubwa asiingie mafungo marefu ya kimya bila daktari wake kujua.

Kuhusu mchungaji, nenda umweleze kabla hujaanza, ukiwa na ratiba ya darasa mkononi. Usimpeleke mwenzako wa ushirika ambaye dhamiri yake inatetemeka, hata kama yako imetulia. Na ukiona mwezi umepita, dakika zako 20 hukosi lakini Neno na kusanyiko umeviacha, simamisha zoezi mpaka hivyo viwili virudi.