Kapsuli za CLA na mafuta kwenye ini: ukiambiwa yanayeyuka, uliza yanakwenda wapi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43 na uzito wa kilo 86. Mwezi uliopita nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa nina mafuta kwenye ini, na kipimo cha ALT, kile cha damu kinachoonyesha ini linaumia, kimepanda kidogo. Mwalimu wa gym ameniuzia kopo la CLA, aina ya mafuta yanayouzwa ya kupunguza unene, na lingine la mafuta ya samaki. Anasema CLA ni kitu cha asili, imo kwenye maziwa na nyama ya ng'ombe, na ikishayeyusha mafuta ya tumbo, ya kwenye ini yatafuata yenyewe. Nameza kapsuli tatu za CLA kwa siku. Nikiongeza hadi sita nitapona upesi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, dada. Usiongeze. Hata hizo tatu ziache leo. Ya samaki nitayafikia.

Hiyo kauli ya kwamba mafuta ya ini "yatafuata yenyewe" naisikia kila wakati kliniki, na inaniuma kwa sababu inawaponza watu makini, wanaotoa hela zao ili wapone. Wanaamini mwili una pipa moja la mafuta: ukitoboa popote, lote linapungua. Sivyo. Mafuta ya chini ya ngozi yanakaa ndani ya seli zilizoumbwa kwa kazi hiyo. Ukizizuia seli hizo kupokea mafuta huku sahani yako ni ileile, mafuta hayapotei. Yanazunguka kwenye damu, kisha yanaishia kwenye ini na kwenye misuli. Wapo watu wanaozaliwa bila uwezo wa kuhifadhi mafuta chini ya ngozi. Ukiwaona ni wembamba, misuli imechomoza, utadhani ni wanariadha. Kumbe wengi wao ini limejaa mafuta, na kisukari kinawaanza mapema.

Sasa tazama CLA imetoka wapi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliripoti kwamba panya waliolishwa CLA walipungukiwa na zaidi ya nusu ya mafuta ya mwili. Habari hiyo ndiyo inayouza makopo mpaka leo. Isiyotajwa dukani ni ya mwaka 2000, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba kwa panya seli za mafuta zilikuwa zinakufa, ini linavimba kwa mafuta, na insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, haifanyi tena kazi yake sawasawa. Panya alikonda, ini likabeba mzigo.

Binadamu si panya, na kwa upande wa kukonda hilo halimsaidii muuzaji hata kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya majaribio mengi ulikuta kwamba gramu 3.2 za CLA kwa siku zinapunguza takriban gramu 90 za mafuta kwa wiki kuliko kapsuli isiyo na CLA, na kasi hiyo inafifia kadiri muda unavyokwenda. Kwa upande wa madhara, jaribio la Sweden la mwaka 2002, kwa wanaume wenye vitambi, lilikuta aina moja ya CLA inazidisha ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia insulini ipasavyo. Ukinzani huo ndio unaolijaza ini mafuta! Zipo pia taarifa za kitabibu, chache lakini zipo, za watumiaji walioumia ini.

Na hilo neno "asili" lisikulaze. CLA ya maziwa karibu yote ni umbo moja. Ya kopo hutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya mbegu, na takriban nusu yake ni umbo jingine, ambalo kwenye maziwa ni kidogo mno. Umbo hilo jingine ndilo lililomkondesha panya, na ndilo lililojaribiwa Sweden.

Mafuta ya samaki ni suala tofauti. Omega-3, aina ya mafuta yaliyomo ndani yake, hushusha trigliseridi (mafuta yanayozunguka) kwenye damu na yanaweza kupunguza kiasi mafuta ya ini, ila hayajathibitika kuondoa makovu ya ini. Kapsuli ya kawaida ya miligramu 1000 ina kama miligramu 300 tu za omega-3 zenyewe, ilhali dozi ya kitabibu ya trigliseridi hufika gramu 4, na dozi kubwa huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usijipandishie mwenyewe. Dagaa na vibua vina omega-3, na bei yake unaijua.

Kinachoondoa mafuta kwenye ini ni kupunguza uzito kwa chakula na mwendo. Ukishuka asilimia 5, yaani kilo 4 na kitu kwako, mafuta ya ini huanza kupungua. Asilimia 7 hadi 10, uvimbe nao hutulia. Anza na soda, juisi za boksi na sukari ya chai. Omba upimwe pia homa ya ini B na C pamoja na sukari, maana ALT haipandi kwa mafuta peke yake.

Ninaowaogopa zaidi ni wauzaji wanaochanganya: CLA, dondoo ya majani ya chai ya kijani, garcinia (dondoo ya tunda), na "dawa ya kusafisha ini" juu yake. Dondoo ya chai ya kijani na garcinia zimewaharibu watu ini, wengine hadi kuhitaji kupandikizwa jingine. Mgonjwa akianza kuwashwa mwili, mkojo ukawa mweusi kama kola, macho yakageuka manjano, muuzaji humwambia sumu zinatoka, aendelee. Dada, hilo ni ini linaumia. Ukiona dalili hizo acha kila kapsuli, nenda hospitali siku hiyohiyo, na makopo yote nenda nayo.