Unaanza kutafiti jongo? Usiiamini namba peke yake

Mwaka wangu wa kwanza kwenye utafiti wa jongo, ugonjwa unaovimbisha viungo kwa maumivu makali, nilichuja wagonjwa kwa majibu ya maabara tu. Asidi ya yuriki, taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye damu, ikiwa juu, nilimwandika mtu ana jongo; ikiwa ya kawaida, nilimfuta. Niliendelea hivyo kwa miezi, mpaka daktari mmoja mzee aliponiita nichungulie kwenye hadubini yake. Alikuwa amevuta maji kidogo kwenye goti la mgonjwa niliyekuwa nimeshamfuta. Nikaona vijisindano vyembamba, vyenye ncha pande zote mbili, vingine vimechoma chembe nyeupe ya damu na kutokezea upande wa pili. Mzee alipozungusha meza ya hadubini taratibu, kijisindano kilekile kilichokuwa cha njano kikageuka buluu. Hizo ndizo fuwele za yureti, yaani chumvi ya asidi ya yuriki, na hiyo rangi inayobadilika ndiyo inayozitambulisha. Mgonjwa wangu alikuwa na jongo kamili, na damu yake siku ile ilionyesha kiwango cha kawaida.

Sababu inajulikana, ila mimi sikuwa nimeisoma. Jongo linapomshika mtu, kiungo kikiwa kimevimba na kuwaka moto, figo hutoa asidi ya yuriki kwa wingi kuliko siku nyingine, na kipimo cha damu kinaweza kushuka. Kwa hiyo kwenye fomu zako weka nafasi mbili, tarehe ya kutoa damu na tarehe ya maumivu ya mwisho. Kama mtu alipimwa akiwa kwenye maumivu, mpime tena wiki mbili au zaidi baada ya kutulia. Fomu isiyo na tarehe hizo mbili mimi siipokei tena.

Kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile. Kwenye joto la nyuzi 37, damu inaweza kuyeyusha yureti hadi kama miligramu 6.8 kwa desilita. Ikipita hapo fuwele zinaweza kujijenga, hasa sehemu zenye ubaridi kama kidole gumba cha mguu, lakini haimaanishi lazima zijijenge. Watu wengi wanaishi na kiwango cha juu mpaka uzeeni bila kiungo hata kimoja kuuma. McCarty na Hollander walionyesha mwaka 1961 kwamba fuwele zinaweza kutambuliwa kwenye maji ya kiungo chenyewe, na mpaka leo hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo. Tenganisha basi makundi hayo mawili tangu ukurasa wa kwanza wa andiko lako: wenye asidi ya yuriki iliyozidi, na wenye jongo.

Vipimo navyo viangalie. Maabara nyingine huandika miligramu kwa desilita, nyingine maikromoli kwa lita. 6 ya kwanza ni karibu 360 ya pili. Andika pia kila dawa anayotumia mgonjwa, kwa kuwa dawa za kukojoza zinazotolewa kwa shinikizo la damu hupandisha kiwango, na aspirini ya dozi ndogo nayo hupandisha.

Sasa suala la chakula, ambalo linaniuma. Wagonjwa hufika wakiwa wameshaambiwa kwamba wamejiletea wenyewe kwa ulafi na pombe, na wengine huficha ugonjwa kwa aibu. Chakula na pombe vina mchango, sikatai. Lakini wengi wao tatizo lao kubwa ni figo zinazorudisha yureti kwenye damu badala ya kuiachia itoke na mkojo, na sehemu kubwa ya hilo ni ya kurithi. Mlango mkuu wa kuirudisha, protini ya figo iitwayo URAT1, ulitambuliwa mwaka 2002. Ukiwahoji, anza na historia ya ukoo na figo, maswali ya nyama na bia yaje baadaye. Utapata majibu ya kweli zaidi, na mtu hatajiona yuko kizimbani.

Utakutana pia na takwimu zinazofungamanisha asidi ya yuriki na ugonjwa wa figo, moyo, na shinikizo la damu. Usikimbilie kusema ndiyo chanzo. Mwaka 2020 majaribio mawili makubwa, CKD-FIX na PERL, yalitumia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, kwa watu ambao figo zao zilikuwa hatarini. Kiwango kilishuka vizuri, lakini figo ziliendelea kudhoofika kwa kasi ileile ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Figo inayochoka hushindwa kutoa yureti, kwa hiyo namba iliyopanda inaweza kuwa matokeo ya ugonjwa.

Muda wa kufuatilia ndio unaowaangusha wengi. Mtu akianza alopurinoli, fuwele za zamani huanza kuyeyuka, na katika miezi ya mwanzo maumivu yanaweza kuja mara nyingi kuliko kabla. Ndiyo maana dozi huanza ndogo, na kolkisini, dawa ya kutuliza uvimbe, huongezwa kwa miezi mitatu hadi sita kama kinga ya maumivu hayo. Utafiti wa miezi mitatu utakuonyesha dawa inayoumiza watu. Panga mwaka mmoja kwa uchache, ikiwezekana miwili, na hesabu usiku ambao mgonjwa alishindwa kuvumilia hata shuka kugusa kidole chake.